Unayekwenda Dahab: mlima nao ni pipa

Mkuu mleta uzi, salamu baadaye. Nimesoma ratiba yako ya wewe na shemeji kutoka Nyegezi mpaka Dahab, ule mji wa wazamiaji pwani ya Sinai, Misri, nikafika pale ulipoandika "Alhamisi mbizi mbili za mwisho, usiku Mlima Musa, Ijumaa jioni ndege", nikaweka kikombe chini. Futa hiyo Alhamisi. Mimi ratiba hiyohiyo ilinilaza kwenye pipa la chuma, na si pipa lile la kupanda watu wakakusindikiza uwanjani.

Naona ndege umeipigia hesabu, zile saa 24 za kungoja baada ya kuzama kabla ya kuruka zinatimia, umejipongeza. Mlima je? Kilele kiko mita 2,285 juu ya usawa wa bahari. Hata pale chini kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina, gari linapowashushia, ni kama mita 1,500. Na mchana wa siku hiyohiyo ulikuwa chini ya maji!

Mimi nilizama na mtungi wa hewa siku tatu mfululizo, mara mbili kwa siku. Siku ya tatu tukaenda Canyon, ule ufa wa chini ya maji, karibu mita 28, nikatoka majini saa tisa alasiri nikiwa mfalme. Kwenye ile kompyuta ya kuzamia niliyokodi, ya kuvaa mkononi kama saa, kukatokea kialama kidogo cha ndege, maana yake usiruke bado. Nikakiangalia, nikacheka. Ndege ipi, yangu si Jumapili? Pale hotelini kulikuwa na jamaa anauza safari, yule mwenye meza na kalenda ya ngamia. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha Kirumba kama kuna shida kwenda mlimani usiku ule. "No problem, my friend." Huyu bwana alijua nimetoka kuzama, nywele bado zilikuwa na chumvi! Lakini kiti kimoja kilikuwa wazi kwenye gari lake. Mungu amsamehe, mimi bado najitahidi.

Na sijitoi kwenye lawama. Nilijiambia mimi mtu wa Mwanza, nimezaliwa kwenye mita 1,100 na ushee, miinuko naijua. Ujinga mtupu. Hewa ya mtungini ni hii hii tunayovuta, sehemu kubwa ni naitrojeni. Ukishuka, mgandamizo unaisukuma iingie kwenye damu na nyama. Ukipanda, inataka kutoka, na inatoka polepole, kwa saa nyingi. Ukipanda haraka, au ukipanda tena mahali penye hewa nyepesi kabla haijaisha, inafanya mapovu humohumo mwilini. Wa mwaloni mmemwona sangara aliyevutwa upesi kutoka kilindini, tumbo limemtokea mdomoni. Mambo hayafanani kabisa, ila mtanielewa.

Gari liliondoka saa tano usiku. Saa nane tukaanza kupanda na kiongozi Mbedui, baridi ya kukata masikio, mimi na fulana na blanketi la kukodi. Bega la kulia likaanza kuuma. Nikasema begi. Nikahamishia begi kushoto, maumivu yakabaki kulia, sasa na kiwiko. Zile ngazi 750 za mwisho nilizipanda vidole vikiwasha kama nimeshika upupu. Jua likachomoza, watu wanaimba na kusali, mimi nasali sala tofauti kabisa.

Aliyeniokoa ni mama mmoja Mjerumani, naye mzamiaji. Aliniuliza swali moja tu: jana ulitoka majini saa ngapi? Nilipomjibu alinishika mkono, tukashuka kwa ngamia, wakanipeleka hospitali. Oksijeni, kisha chemba: bomba nene la chuma lenye kidirisha cha mviringo, wanafunga mlango na kukurudisha "chini" mita 18 ukiwa mkavu kitandani. Karibu saa tano humo ndani. Mbizi ghali kuliko zote maishani mwangu na sikuona hata dagaa.

Bili sasa. Bima yangu ya safari ilikuwa na mstari mmoja mdogo: kuzama kwa mtungi haimo. Ndege ya Jumapili ikaniacha, daktari akanizuia kuruka kwa siku kadhaa, hoteli inahesabu. Mashine yangu ya boti, HP 15 iliyokuwa ikinisubiri Igombe, kaka yangu akaiuza kwa bei ya kutupa ili nirudi nyumbani.

Kwa hiyo mkuu, geuza ratiba. Mkifika Jumapili, Jumatatu pandeni mlima, majini muanze Jumanne. Ukishagusa mtungi, saa 24 hupandi kitu: mlima, ndege, hata hilo gari la kwenda monasteri. Na kabla hujalipa, isome bima mpaka utakapoliona neno la kuzama.

Uliuliza pia kama mtu aliyejifunza kuogelea ziwani ataweza. Ataweza, maji ya Bahari ya Shamu yana chumvi nyingi, yanakuelesha kuliko ziwa, utaongezewa vipande vya madini ya risasi kiunoni ili uzame. Blue Hole ogelea juujuu, lile tundu lake la mita 50 na kitu chini uwaachie waliofia humo, wenye majina yao ukutani.

Chakula na mavazi uliyouliza, kwa kweli sikumbuki nilikula nini wiki ile. Shemeji abebe jaketi. Na wewe wapigie leo waliokuuzia hiyo Alhamisi, kabla hawajafunga ofisi.