Nitajuaje bei ya uharibifu uliofichwa na lipu?

Swali: Mimi ni fundi wa lipu na rangi. Nimekuwa chini ya mkandarasi kwa muda mrefu, sasa nataka kufungua biashara yangu ya kukarabati nyumba za zamani na zilizoharibiwa na maji. Kinachonisumbua ni bei. Kazi ya kwanza nilipatana na mteja kwa kuangalia tu. Nilipobandua lipu nikakuta matofali yamelika kwa unyevu, nikamalizia kwa pesa yangu. Makadirio ya kitu kisichoonekana yanafanywaje? Na ninunue vifaa gani kwanza?

Jibu: Fundi, kazi ya kwanza kuuza kwenye biashara hii ni ukaguzi, na ukaguzi ulipiwe. Toza ada ndogo, umwahidi mteja kwamba akikupa kazi utaikata kwenye bei. Wapo watakaokimbia wakisikia hivyo. Waache, wengi wao ndio hao wanaotaka bei ya mlangoni halafu hasara ibaki kwako.

Ukifika, usianze na pale panapovimba rangi. Anza nje. Mara nyingi utakuta udongo wa bustani umepanda kupita usawa wa sakafu ya ndani, au gata limepasuka na linamwaga maji ukutani kila mvua ikinyesha. Hapo dawa ni koleo la kuondoa udongo au kipande cha gata, na lipu mpya bila hicho ni kumwibia mteja.

Ndani, tazama urefu wa doa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia sakafuni na kwa kawaida huishia kama mita moja hivi, ukiacha mstari wa chumvi nyeupe juu yake. Doa lililo juu peke yake linakupeleka kwenye paa au bomba. Ukishuku bomba, funga koki zote, soma mita ya maji, usitumie maji kwa saa moja, kisha isome tena. Ikisogea, kuna mahali panavuja. Na kama hujui unyevu unatoka ndani ya ukuta au ni mvuke wa chumbani, bandika kipande cha karatasi ya alumini ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache siku moja au mbili. Kikilowa upande wa chumba, ni mvuke, na chumba kinahitaji hewa. Kikilowa upande wa ukuta, maji yamo ukutani.

Kisha gonga lipu kwa mpini wa nyundo. Panapolia mvungu, imeshaachia. Omba ruhusa ufungue kishimo kidogo hapo, maana ndicho kingekuokoa mara ile. Kwaruza udongo wa kati ya matofali kwa msumari: ukitoka laini na mweupe, nyumba imejengwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo usiupige lipu ya saruji. Saruji inazuia unyevu usitoke, tofali linalika kwa ndani, na baada ya muda unaitwa tena kwa matusi. Rudisha chokaa. Usipake rangi ukuta ukiwa bado mbichi. Kuta nene hukauka taratibu, na mafundi wengi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene.

Nyumba iliyoingiwa na mafuriko ina haraka yake: ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48. Feni kubwa na mashine za kukausha hewa kodi kwanza, usinunue.

Sasa bei. Igawe mara mbili. Unachokiona, weka bei kamili. Usichokiona, andika bei ya kipimo: kiasi fulani kwa kila mita ya mraba ya lipu, kwa kila tofali la kubadilisha. Andika pia kwamba ukikuta jipya, kazi inasimama, unapiga picha, na mteja anasaini kabla hujaendelea. Na angalia hesabu ya faida, inawaponza wengi: gharama ikiwa 100 ukaongeza 20, faida yako ni kama asilimia 17 tu ya bei. Ukitaka asilimia 20 ya bei, ongeza 25. Malipo ya awali yatoshe vifaa vya hatua ya kwanza, yanayobaki yafuate hatua za kazi.

Vifaa vya kupiga lipu unavyo. Ongeza mita ya unyevu ya pini (kifaa cha kupima unyevu wa ukuta), tochi kali, ngazi nzuri na barakoa za vumbi laini, si zile za kitambaa. Leseni na bima ya madhara kwa mali ya mteja zipatikane kabla ya kazi ya kwanza.

Mambo mawili usiyaguse kwa pupa. Bati au dari ya asbesto usiikate wala kuitoboa. Mwachie mwenye kibali cha kazi hiyo. Na rangi ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usiipige msasa mkavu. Ilowanishe kwanza, watoto wasiwepo, na vumbi lote likusanywe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe.