Binamu Yako Yuko Mita ya Ngapi? Kwa Anayetaka Kutengeneza Filamu ya Mkimbiaji Huku Kusini

Ujumbe umeingia juzi kutoka Lindi mjini: "Shikamoo kaka. Nina simu nzuri, nina milioni moja na nusu, na nina binamu wa miaka 16 anayekimbia mita 1500, kwenye UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, alifika ngazi ya mkoa. Nataka kutengeneza filamu ya dakika 40 kuhusu kijana kama yeye. Ninunue kamera gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kamera. Nunua daftari la kaunta na saa ya kupimia muda, kwa sababu filamu nyingi za mbio hazifi kwa picha mbaya. Zinakufa kwa sababu mtazamaji hajui mkimbiaji yuko wapi, amebakiza kiasi gani, na nani yuko mgongoni kwake. Unaona miguu, unaona jasho, unasikia muziki, halafu ghafla mtu anakata utepe. Hayo si mashindano, ni tangazo la soda.

Chora uwanja kwenye daftari. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, kwa hiyo mbio hazianzii kwenye mstari wa kumalizia. Zinaanzia kona ya kwanza inapoishia, mita 300 kabla ya mstari huo. Kosa la kuzianzisha kwenye mstari wa kumalizia utaliona hata kwenye filamu za watu wenye hela. Lingine ni mkimbiaji wa 1500 kuinama na kuweka mikono chini kama wa mita 100. Kuanzia mita 800 kwenda juu wanaanza wamesimama: starta anasema "kwenye nafasi zenu", kimya, mlio. Hakuna "tayari" katikati. Mwalimu yeyote wa michezo wa Nachingwea au Masasi akiliona hilo kosa, umeshampoteza kabla filamu haijaanza.

Sasa weka muda. Tuseme mhusika wako anakimbia dakika 4 na sekunde 20 kwa mwendo usiobadilika. Atapita mstari wa kumalizia mara ya kwanza sekunde ya 52, mara ya pili dakika 2:01, mara ya tatu dakika 3:11 kengele ikilia, na atamaliza 4:20. Hizo namba nne ndizo mifupa ya sini yako kubwa. Mbele ya kila namba andika nani anaongoza, mhusika ni wa ngapi, na mwili wake ukoje: mdomo umefungwa au wazi, mabega yako chini au yamepanda masikioni. Kwa kawaida mabega hupanda mtu akichoka, na mikono huanza kukata kifua. Asiyejua riadha hataweza kukueleza hilo, ila akiona mkimbiaji aliyefika mita ya 1200 anatembeza mikono kama yuko mita ya 100 atahisi anadanganywa.

Amua pia anashindaje, au anashindwaje. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya 1500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3:32.16, aliongoza tangu mwanzo. Mbio za namna hiyo hofu iko nyuma ya mkimbiaji, kwa hiyo kamera ikae mbele yake, chini, ivute kwa mbali, ili wanaomfukuza waonekane juu ya bega lake ndani ya fremu ileile. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia, Tokyo mwaka 2025, yeye na wa pili waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, tofauti ikiwa sekunde 0.03. Umaliziaji wa hivyo haukatwi vipande. Unawaacha wote wawili ndani ya fremu hadi mstarini, picha moja, bila kuhama. Ukikata katikati, mtazamaji atajua umemsaidia mtu wako.

Hapa pa kamera kukaa ndipo wengi wanapoharibu, na ukishaharibu mhariri hana dawa. Wakimbiaji huzunguka kinyume cha saa. Ukisimama katikati ya uwanja, wanapita mbele yako kutoka kulia kwenda kushoto. Ukienda jukwaani, watu walewale wanatoka kushoto kwenda kulia. Ukibandika picha ya katikati halafu ya jukwaani, inaonekana kama wamegeuka wanarudi walikotoka. Chagua upande mmoja wa kuwa nyumbani. Mimi napendekeza katikati, kwa sababu nyuma yao utapata watu na miti badala ya nyasi tupu. Ukitaka kuhamia jukwaani, weka kwanza picha ya uso kwa uso, wakimbiaji wanakuja moja kwa moja kwenye kamera. Hiyo haina kulia wala kushoto, ndiyo daraja lako.

Uwanja wenyewe usikuumize kichwa. Viwanja vya Ilulu pale Lindi au Nangwanda Sijaona pale Mtwara ukivitaka, uliza ratiba ya mechi kwanza, lakini uwanja wa shule unatosha kwa vipande vingi. Huhitaji mita 400 zote. Njia ya kawaida ina nyoofu za mita 84.39 na kona zenye nusukipenyo cha mita 36.5. Chora nyoofu moja na kona moja, leni nne, kila moja upana mita 1.22, mistari ya sentimita 5. Mfuko mmoja wa chokaa wa kilo 25 unatosha nyoofu. Mwagia maji ardhi kidogo kabla ya kunyunyiza, la sivyo upepo wa kusi utakupelekea chokaa yote hadi Kilwa.

Binamu yako hawezi kukimbia 1500 mara sita kwa siku moja, hata akuambie anaweza. Mwaminifu sana huyo, ila mguu utamsaliti. Gawa mbio katika vipande vya mita 70. Kwa mwendo wa 4:20 anakwenda karibu mita 5.8 kwa sekunde, kwa hiyo mita 70 ni sekunde 12. Mita 20 za kwanza ni za kuchukua mwendo nje ya fremu, unabaki na sekunde nane safi. Sini ya dakika mbili yenye picha za sekunde nne nne inataka picha 30. Kila picha mara mbili, ni mikimbio 60. Igawe asubuhi tatu, mikimbio 20 kila moja, na dakika tatu za kupumzika kati yake. Picha za mwisho wa mbio zishutiwe mwisho wa asubuhi, akiwa amechoka kweli. Kwa picha za mwanzo wa siku, changanya gliserini na maji nusu kwa nusu kwenye chupa ya kupuliza, mpulize usoni na shingoni. Maji matupu hukauka kabla hujasema "anza". Namba ya kifuani ibanwe kwa pini nne, na kila asubuhi piga picha ya namba, soksi na vumbi la miguuni kabla ya kitu kingine chochote.

Nimesema asubuhi kwa makusudi. Huku kwetu jua huchomoza karibu saa 12 kasorobo mwezi Novemba na saa 12 na nusu hivi mwezi Julai. Anza nalo, funga saa tatu. Ukishuti kutwa nzima, mbio za dakika nne zitakuwa na vivuli vinavyozunguka kama mshale wa saa. Kuanzia saa nne mwanga unashuka wima, macho yanakuwa mashimo, na ngozi nyeusi inabaki bila umbo. Mwezi Februari na Oktoba, baada ya tarehe 20, jua la mchana linasimama karibu juu kabisa ya utosi; usijaribu hata picha moja. Shuka jeupe likishikwa na watu wawili upande wa kivuli linarudisha mwanga usoni vizuri kuliko taa ya laki tatu. Na funga mwanga wa simu kwa kugusa na kushikilia uso wa mkimbiaji kwenye skrini, usiiache iamue yenyewe. Ikiona bahari nyuma itamfanya awe kivuli kinachokimbia.

Fremu 25 kwa sekunde, shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Kwenye jua kali simu hukimbilia 1/2000 na miguu inaanza kudundadunda kama katuni, kwa hiyo nunua kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Mwendo wa polepole uutumie mara moja tu filamu nzima. Mara moja.

Kumfuata, tumia bajaji, si bodaboda. Bajaji ina magurudumu matatu, nyuma inafungulika, na kameramani anakaa chini akiangalia alikotoka. Punguza upepo wa matairi kidogo, dereva ashike kilomita 21 kwa saa, na kishikio cha kutuliza simu kishikwe kwa mikono miwili, viwiko vikiwa hewani, visiguse chuma. Sauti ya hapo itupe yote.

Sauti ya pumzi irekodi baadaye: mkimbize mita 200, akisimama tu weka maiki sentimita 20 kutoka mdomoni, dakika nzima. Nyayo nazo zirekodi peke yake, kwenye changarawe na kwenye mchanga. Kama anaongea huku amevaa maiki, jasho litaingia kwenye kile kiboksi kinachorusha sauti na kukiua. Kivalishe kondomu iliyofutwa mafuta. Dada wa famasi atakuangalia vibaya. Mwache aangalie.

Ukitaka mazoezi ya ufukweni, Msimbati kule Mtwara au kwenu Lindi, fuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hukauka sana, lakini kilele cha kupwa huangukia saa nne au saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali. Nenda siku mbili tatu kabla, kupwa kunakuwa mapema zaidi, kila siku kunasogea kama dakika 50. Mchanga mgumu uliolowa unampa mkimbiaji kivuli chake chini. Mchanga mkavu unamla magoti.

Kwenye mikorosho, kuanzia Juni hivi asubuhi watu wanapuliza salfa, ile dawa ya unga, maana umande unaishikisha na upepo bado umelala. Mashine zile zinaua sauti ya maili nzima, na vumbi lake si la kumkimbiza mtoto ndani yake. Oktoba hadi Desemba ni mavuno na minada. Eksta, yaani watu wa kujaza umati, hutawapata, wazee wapo ghalani. Unabaki na kipindi cha katikati, kupuliza kukishaisha.

Kijana wa miaka 16 wa huku ana jando nyuma yake, na dada yake ana unyago. Filamu ya kukua isiyogusa hilo itanuka Dar. Ila usiingize kamera kumbini wanakofundwa vijana, hata mwenyeji akikuruhusu kwa soda. Shuti siku ya kutoka: nguo mpya, ngoma, mama anatafuta uso wa mwanawe kati ya wengi. Kaa na mama huyo. Mengine yaache kwa ngariba na makungwi.

Vibali: mtendaji wa mtaa, afisa utamaduni wa halmashauri, na Bodi ya Filamu kabla ya kushuti. Droni inataka kibali chake peke yake, na usiirushe karibu na bandari ya Mtwara wala mitambo ya gesi ya Madimba. Binamu yako ana chini ya miaka 18, kwa hiyo Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto: mzazi asaini, na mtu mzima wa familia awepo kila asubuhi.

Milioni moja na nusu yako: chakula cha watu 12 kwa siku nane, elfu tano kila kichwa, ni laki nne na elfu themanini. Diski mbili, kila picha ikae kwenye zote kabla hujaifuta kwenye simu. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Bajaji, maiki, kioo cheusi, chokaa, vibali. Muziki usinunue bado.

Jumamosi hii mpeleke uwanjani bila simu. Akimbie 1500 kweli, wewe simama mstarini na saa, uandike muda kila anapopita. Nitumie hizo namba nne. Kama ile ya tatu na ya nne zimepishana sana kuliko ya pili na ya tatu, basi amekatika baada ya kengele, na skripti yako inaanzia hapohapo, mita 1100.