Barua kwa mwanangu: uliloniuliza juu ya Catwoman

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikaurudia tena. Unasema mumemwekea mjukuu wangu Amina ile Batman ya kale, kile kipindi cha TV cha Marekani ambacho Batman ni Adam West, ile sehemu ya Disemba 1967 ambayo Catwoman, yule jambazi mwanamke anayejivika kama paka, ni Eartha Kitt, na tangu siku hiyo kwenu ni mabishano tu. Mumeo asema msimu wa tatu wote ni takataka kwa sababu pesa ziliwaishia, wifi yako asema Catwoman ni Julie Newmar na wengine wote wameazima nguo zake, yule mwenzako wa kazini asema Eartha Kitt ndiye paka mwenyewe, na wewe waniuliza mimi, mama, ile kitu ni nzuri ama ni upuuzi?

Kabla ya hapo, wewe unakumbuka kwamba hukuimaliza?

Ulikuwa na tetekuwanga. Tuko London, ile fleti ya juu ambayo lifti yake unaijua, mwaka 1988, mie nashona zile blauzi za kiwanda, nalipwa kwa kipande, cherehani iko juu ya meza ya kulia na wewe umelala kwenye kochi umepakwa dawa ya pinki mwili mzima, unajikuna unalia. Basi nikakuwashia TV-am, kile kituo cha televisheni cha asubuhi. Na TV-am ilikuwa marufuku nyumbani kwetu, hilo nadhani umelisahau ama ulikuwa mdogo hukuelewa. Mafundi wao waligoma Novemba 1987, mgomo wa siku moja tu, yule bosi wao Mwaustralia, Bruce Gyngell, akawafungia mlango wasirudi, halafu kujaza zile saa za asubuhi wakawa wanatoa vipindi vya Marekani vya zamani, Batman ikiwemo, na watu wakavipenda kweli kweli! Februari 1988 wale mafundi wakafukuzwa wote, zaidi ya mia mbili. Sasa babako dereva wa basi, mtu wa chama cha wafanyakazi mpaka kwenye mifupa, akipita Camden akaona yale mayai yao ya mapambo juu ya paa la jengo hageuzi hata shingo. Alikuwa akisema kila anayeitazama hiyo Batman anasaidia kuusukuma mlango ufunge.

Mie nilikuwa na mtoto mgonjwa. Nikawasha.

Na ndipo akatokea yule mwanamke. Mweusi, mdogo wa umbo, masikio ya paka, na ile sauti anaikwaruza herufi "r" mpaka inakuwa kama mnyama yuko kooni mwake, wallahi mguu wangu ulisimama kwenye cherehani. Mwanamke aliyezaliwa kwenye mashamba ya pamba South Carolina, na hapo yuko kwenye karamu ya mabibi wa mitindo anawalipulia bomu la kuwavuruga nywele, na mie hapo na rundo la blauzi za watu wa mitindo nisiowajua na hawanijui. Nilimpenda papo hapo. Halafu akamkamata Batgirl, yule msichana anayepigana upande wa Batman, akamfunga kwenye mashine ya kukatia vitambaa, kisu kinakuja, na Batman anawekwa njia panda, amwokoe Batgirl ama alinde vazi la dhahabu la malkia mmoja ambalo Catwoman anataka kuliiba. Wewe ulikuwa umeacha kujikuna. Umekaa, umeshika blanketi, macho kama sahani.

Hapo hapo babako akaingia kutoka shifti ya usiku. Hakuvua hata koti. Akaizima.

Akasema, watu wamefungiwa nje kwenye baridi, nyinyi mko hapa mnacheka. Nikamwambia hakuna aliyecheka humu ndani. Na ni kweli, hakuna aliyecheka! Wewe ulilia siku nzima, sio kwa tetekuwanga, ukiniuliza Batgirl amekatwa? Batgirl amekatwa? Na mie sikuwa na jibu kwa sababu sikuuona mwisho. Nimekuja kuuona miaka mingi baadaye, aliyemwokoa ni Alfred, yule mzee mtumishi wa nyumbani. Ningelijua siku ile ningekwambia ukalala.

Sasa hilo ndilo nataka umwambie mumeo. Nimesema siku zote na narudia, mchekeshaji hacheki. Mzee Ojwang kwenye Vitimbi uliwahi kumuona akicheka? Nchi nzima iko chini inashika mbavu na yeye amekunja uso, ana shida ya kweli, na ndio maana tunacheka. Adam West ni hivyo hivyo, anazungumza upuuzi mtupu na uso wa mtu anayesoma wosia. Kile kipindi hakina hata zile sauti za watu kucheka zinazobandikwa, na anayesimulia kwa ile sauti ya taharuki ni William Dozier, mtengenezaji wake mwenyewe. Walikitengeneza kwa makusudi hivyo, mkubwa aone kichekesho, mtoto aone hatari. Kwa hivyo mumeo anapomwambia Amina "hii ni upuuzi usiogope" anamharibia, mwambie nimesema mie.

Kuhusu pesa, sawa, hapo mumeo ana neno. Mwanzo Januari 1966 ilikuwa inatoka usiku mbili kila wiki, unaachwa umening'inia leo unapata jibu kesho, na mapango ya majambazi kamera inapindishwa upande kuonyesha hawa watu wamepinda. Msimu wa tatu ni mara moja kwa wiki, nusu saa, na mahali pengine hakuna hata kuta, ni meza na kiza nyuma yake. Inaonekana. Lakini fundi cherehani mzuri mpe kitambaa cha mtumba uone.

Na wifi yako kuhusu Julie Newmar. Newmar ni mzuri, sibishi, mrefu yule, anatembea kama anateleza. Lakini tizama walivyomwandikia. Newmar na Batman walikuwa na mahaba, wanatamaniana, kila mara anakaribia kumbusu. Alipokuja Eartha Kitt mahaba yakatoweka, kwisha, Batman amekuwa polisi tu. Kwa nini? Ni Marekani ya 1967, ule mwaka ambao mahakama yao kuu ndio kwanza inaziondoa sheria za kukataza mzungu na mweusi kuoana, unafikiri nani angeandika Batman anamtamani mwanamke mweusi saa ya watoto? Nilivyoligundua hilo lilinichoma. Halafu nikajibishana na nafsi yangu, nikasema pengine ndio maana anatisha, hana wa kumbembeleza, hataki kupendwa na mtu, anataka vazi lake la dhahabu basi. Wengine wasema hilo ni tusi, wengine wasema hilo ndilo lililomfanya awe paka wa kweli. Mie kuna siku niko huku na kuna siku niko kule.

Lakini hujasikia la babako.

Eartha Kitt alionekana kwenye Batman sehemu tatu tu, ya mwisho ilionyeshwa tarehe 4 Januari 1968. Wiki mbili baadaye, tarehe 18, alialikwa chakula cha mchana Ikulu ya Marekani, mwenyeji Lady Bird Johnson mke wa rais, mazungumzo ni uhalifu wa vijana, na yeye akasimama akasema vijana wanaasi kwa sababu mnawapeleka vitani Vietnam. Mbele ya mke wa rais! Kazi zikamkauka Marekani kwa miaka, ikabidi aimbe Ulaya, na 1975 ikatoka kwenye magazeti kuwa CIA walikuwa na faili lake. Alirudi kwenye majukwaa ya Broadway, New York, 1978.

Niliposoma hayo nilimsubiri babako atoke kuswali. Nikamwambia, yule uliyemzima ili kuwatetea waliofungiwa mlango, mwenyewe alifungiwa mlango. Kwa neno la haki. Ulimfungia mara ya pili. Nilikuwa nimelibeba lile tangu wewe una tetekuwanga na nilidhani sasa nimempata.

Unajua alinijibu nini? Akakaa, akafikiri, akasema, basi kama ni mwanamke wa namna hiyo, angekuwa kwenye kochi lile angeizima mwenyewe.

Mpaka leo sijapata la kumjibu. Nalitafuta. Kuna siku nasema ana haki, wale mafundi walikuwa na watoto na kodi za nyumba na sisi tuliziba pengo lao kwa kutazama. Halafu nasema, na mie je, nashona kwa kipande, chama changu mie kilikuwa kipi, nani aligoma kwa ajili yangu? Zile dakika chache za mwanamke mweusi mwenye makucha ndicho kitu pekee asubuhi ile kilichokuwa changu. Halafu narudi tena kwa wale mafundi.

Kwa hivyo unataka niseme ni nzuri. Ulimi unaniwasha kusema, wallahi, lakini nikisema nzuri babako atasikia nimemshinda, na nikisema mbaya nitakuwa mwongo. Usinilazimishe.

Amina mwonyeshe tena ile ya Disemba mpaka mwisho, hakikisha anamuona Alfred anafika, halafu zile mbili za Eartha Kitt na Joker, yule jambazi mwenzake, tarehe 28 Disemba na 4 Januari, zifuatane kwa sababu hadithi ni moja. Na mumeo asikae naye chumba kimoja. Akimaliza nipigie, nataka kusikia kutoka kwake yeye, asiulizwe kwanza na mtu mwengine.

Mamako