Barua kwa mwanangu: hiyo noti ya yuan 10

Marahaba mwanangu, za Guangzhou? Huku Kigoma tupo salama, baba yako mguu umepona anatembea hadi mwaloni na kurudi.

Nimeziangalia zile picha mbili ulizonituma, nimezikuza mpaka simu ikagoma. Umeniuliza hivi, umenunua noti ya zamani ya yuan 10 ya China yenye sura ya Chiang Kai-shek, kiongozi wao wa enzi hizo, muuzaji kakwambia ni "yuan ya dhahabu" ya mwaka 1948, alafu ukamwonyesha rafiki yako Mchina akasoma akakwambia mbona imeandikwa mwaka 34 ambao ni 1945, sasa je umepigwa? Na hiyo dhahabu iko wapi?

Hujapigwa mama. Wote wawili wamekwambia kweli. Mwaka 34 ni hesabu ya Jamhuri ya China, mwaka wao wa 1 ni 1912, kwahiyo unachukua 34 unajumlisha 1911 unapata 1945. Huo ndo mwaka ulioandikwa kwenye noti, ila haukuwa mwaka wa kuingia mikononi mwa watu. Angalia chini kabisa kwenye ukingo, kuna herufi ndogo sana za American Bank Note Company, hao ndo walioichapa huko Marekani vita vilipokuwa vinaisha. Ikakaa stoo. Ilipofika 1948 pesa ya China imeharibika na serikali inataka pesa mpya harakaharaka, wakazitoa zile zilizokuwa zimekaa wakazitumia hivyohivyo na tarehe yake ya zamani. Ndo maana wanaokusanya noti wanaandika miaka miwili, 1945 alafu 1948 kwenye mabano. Na wewe andika hivyo, ila kwenye karatasi ya pembeni, kwa penseli, sio kwenye noti!

Sasa habari ya dhahabu, hapa nivumilie kidogo maana mimi nimekaa dirishani benki miaka mingi nahesabu pesa za watu na hii kitu inaniuma kama vile ilitokea hapa kwetu.

China walipigana na Japani toka 1937 mpaka 1945, wakamaliza wakaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe, serikali ya Chiang Kai-shek na wakomunisti wa Mao. Vita inakula pesa, kodi haitoshi, kwahiyo serikali ikawa inachapa tu. Ile pesa yao ya kabla, iliyoanza 1935 inaitwa fabi, ikafika mahali ukienda sokoni unabeba pesa nyingi kuliko mzigo unaorudi nao. Tarehe 19 Agosti 1948 serikali ikatangaza yuan ya dhahabu, yuan 1 mpya kwa fabi 3,000,000. Wakasema kila yuan inalingana na gramu 0.22217 za dhahabu safi, na yuan 4 ni dola 1 ya Marekani. Yaani hiyo yako ya 10, siku ile, ni dola mbili na nusu.

Ila usifikiri ungeweza kwenda nayo dirishani ukapewa dhahabu. Hapana. Safari ilikuwa ya upande mmoja. Wananchi waliamriwa wapeleke dhahabu, silva na dola zao benki wapewe makaratasi, na asiyepeleka akikamatwa nayo anataifishiwa. Sarafu moja ya silva ilikuwa yuan 2. Kwahiyo mwanamke wa Shanghai aliyekuwa amejiwekea sarafu 5 za silva kwenye kitambaa, labda mahari yake labda za kumsomesha mtoto, angepeleka zile 5 akarudi nyumbani na noti moja kama hiyo uliyonayo wewe. Shanghai msimamizi alikuwa mtoto wa Chiang mwenyewe, Chiang Ching-kuo, alikuwa mkali kwelikweli, bei zikafungwa kwa nguvu na wafanyabiashara wakakamatwa. Oktoba watu wakashtuka, wakanunua kila kitu madukani mpaka rafu zikabaki tupu, maana nani akae na karatasi. Mwanzoni mwa Novemba serikali ikaachia bei, na ile ahadi kwamba hawatachapa zaidi ya yuan bilioni 2 ikafa. Desemba benki ikaanza kuuza dhahabu kidogokidogo, watu wakasongamana Shanghai mpaka wengine wakafa kwa kukanyagwa, kuna picha maarufu ya Mfaransa Henri Cartier-Bresson inaonyesha ile foleni, watu wamebanana wameshikana kama kamba, itafute uione. Na kipindi hichohicho dhahabu nyingi ya benki kuu ilikuwa inapakiwa kwenda Taiwan.

Mwisho wake uko hapohapo ulipo wewe. Serikali ilikimbilia Guangzhou, na Julai 1949 ikatoa pesa nyingine tena, yuan ya silva, yuan 1 ya silva kwa yuan za dhahabu milioni 500. Sasa mrudie yule mama wa Shanghai. Alitoa sarafu 5 akapewa noti moja. Hata miezi 11 haijaisha, ili kuirudisha sarafu MOJA ilibidi apeleke noti milioni 50 za namna hiyo. Mimi kama mtu wa dirishani nilipiga hesabu, ukihesabu noti moja kila sekunde bila kulala wala kula unatumia mwaka mmoja na miezi saba.

Ndo maana nakwambia ishike kwa heshima.

Na wewe unamkumbuka mjomba wako, alikuwa anavuka ziwa kwenda Uvira na Kalemie kuuza sabuni na vitenge? Mwanzoni mwa 1993 alirudi na noti za zaire, pesa ya Kongo enzi za Rais Mobutu, kila moja ya milioni 5, zilizokuwa zimetoka juzijuzi tu, Tshisekedi yule mzee, mpinzani wa Mobutu, akawaambia watu wazikatae na wafanyabiashara kweli wakazikataa, wanajeshi waliolipwa nazo wakafanya fujo Kinshasa. Mjomba alikuwa ameshauza mzigo wote. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, na unajua kiwango? Moja kwa milioni 3. Namba ileile ya China ya 1948! Mimi sikujua mpaka nilipoanza kusoma habari za noti, nilikaa kimya muda mrefu siku ile. Mbili kati ya zile noti za mjomba ninazo kwenye faili langu, hakuwahi kuzidai.

Haya, sasa uhakikishe yenyewe. Pitisha ukucha taratibu kwenye sura na kwenye namba kubwa, noti za kampuni ile zilichapwa kwa bamba lililochongwa kwahiyo wino umeinuka, unausikia. Alafu chukua lensi, mistari ya mapambo inatakiwa iwe mistari kweli, myembamba isiyokatika. Ukiona vidoti vidoti vya rangi kama picha ya gazeti hiyo ni kopi. Kwenye picha yako naona mistari imetulia vizuri, na lile kunjo la katikati linanipa moyo maana noti ilitembea mfukoni mwa mtu. Wakusanyaji wengi wanataka ambayo haijakunjwa na bei wanaangalia hilo sana, mimi nazipenda zilizotumika.

Usiioshe. Usiipige pasi. Solotepu usiisogeze kabisa, naona kuna chaniko dogo pembeni, liache hivyohivyo. Na hiyo naironi laini aliyokupa muuzaji itoe leo, zile zenye plastiki aina ya PVC zinatoa kemikali baadaye noti inanata na kuharibika, tafuta ile ngumu inayosema haina PVC. Guangzhou mwezi wa tatu na wa nne kuta zinatoka jasho wewe mwenyewe ulinisimulia nguo zinaota ukungu, kwahiyo isikae karibu na ukuta, iweke ndani ya kitabu kikubwa kabatini juu, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu usivitupe.

Kuhusu kuuza, zilichapwa nyingi sana hizo, haitakulipia hata nauli, na nisingekushauri hata kama ingelipa. Mkija Desemba niletee, nimeshaacha nafasi kwenye faili, ukurasa uleule wa zile mbili za mjomba, na yeye nimeshamwambia aje siku hiyo aione.

Msalimie rafiki yako huyo Mchina, muulize kama kwao kuna bibi au babu aliyekuwepo 1948, akisimulia niandikie kila kitu.

Mama yako