Kiwanis si shule ya muziki

Je, Kiwanis wanafundisha watoto muziki? Hapana, hawafundishi. Kiwanis ni klabu ya watu wa kujitolea, ya aina moja na Rotary na Lions. Ilianzia Detroit, Marekani, mwaka 1915, na mwaka uliofuata ikavuka hadi Hamilton, Kanada. Huko Kanada ndiko jina lake limeshikamana na muziki, maana klabu za miji mbalimbali huandaa mashindano ya vijana. Yale ya Toronto yalianza 1944, na Glenn Gould, aliyekuja kuwa mpiga piano maarufu wa Kanada, wakati huo mtoto wa miaka 11 tu, akatwaa kombe la piano.

Mtoto hulipiwa ada ya kushiriki, anapiga kipande chake mbele ya watu, kisha mwamuzi anamwambia hadharani wapi amepatia na wapi amekosea. (Hapo ndipo wazazi hutokwa na jasho kuliko watoto.) Wanaofanya vizuri zaidi wanaweza kupata fedha za kuwasaidia masomo. Aliyewahi kupanda jukwaani kwenye Tamasha la Muziki la Kenya ataujua mtindo huo mara moja, kwani tamasha hilo na mashindano ya Kiwanis yalirithi utaratibu wa Waingereza.

Ila kama unamtafutia mwanao mafunzo, klabu haitakusaidia sana: mwalimu unamtafuta na kumlipa mwenyewe, halafu ndipo unamwandikisha kwenye mashindano.