Niliangushwa Mara Mbili na Mtihani wa Leseni ya Uuguzi: Nilichobadilisha Kabla ya Mara ya Tatu

Mtihani wa leseni ya uuguzi niliufanya mara tatu, na mara mbili za kwanza nilianguka. Ninaandika haya kwa ajili ya mhitimu aliyepokea matokeo mabaya na sasa amejifungia chumbani, kwa sababu nami nilijifungia hapa hapa Ngamiani, Tanga, kwa siku nne, huku mama akiwaambia wageni kwamba nina homa.

Watu wengi walio nje ya fani yetu hawaelewi ni kwa nini mtu aliyekwisha kuhitimu chuo bado hawezi kuingia wodini na kufanya kazi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka muuguzi na mkunga asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndipo aanze kutoa huduma. Chuo kinathibitisha kwamba umesoma na kumaliza, lakini leseni inamhakikishia mgonjwa kwamba unaweza kuachiwa maisha yake usiku, pale ambapo daktari yuko mbali na uamuzi wa kwanza ni wako. Mimi niliuendea mtihani huo kana kwamba ni mtihani mwingine wa chuo, nikakariri nilichoandika darasani, na nikashangaa kuona kwamba kukariri hakunifikishi popote.

Baada ya kuanguka mara ya kwanza nilifanya lile ambalo karibu kila mtu hulifanya, yaani nilirudia njia ile ile kwa nguvu zaidi. Nilikusanya madaftari yote ya miaka mitatu, nikayasoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nikapigia mistari kwa kalamu nyekundu, na nilipomaliza nikaanza upya. Nilikuwa nikisoma saa nane kwa siku. Mara ya pili nilianguka tena, na hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba huenda sikuumbwa kwa kazi hii.

Aliyenitoa katika mawazo hayo ni mkunga mstaafu, jirani yetu, ambaye mtaani tunamwita Bibi. Nilimwamkia jioni moja nikielekea dukani, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza bila kuzunguka, "Mwanangu, ulikosea maswali gani?" Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Basi umesoma miezi yote hiyo bila kujua unaumwa wapi. Njoo kesho na maswali yako ya mazoezi, madaftari yaache nyumbani."

Kesho yake tulikaa barazani kwake. Swali la kwanza lilihusu mama mjamzito aliyepata degedege la kifafa cha mimba, presha yake ni 170 kwa 110, na tayari amepewa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hilo. Liliuliza ni kipi cha kukagua kabla ya kumpa dozi inayofuata. Nilichagua presha, kwa kuwa presha ndiyo iliyokuwa imeandikwa kwenye swali. Bibi hakuniambia kwamba nimekosea. Aliniuliza, "Dawa hii ikizidi mwilini, inamuua mtu kwa njia gani?" Nikanyamaza. Akaniamuru nipandishe mguu mmoja juu ya mwingine, akanigonga chini ya goti kwa ubavu wa kiganja chake, na mguu ukaruka. "Hilo ndilo linalopotea kwanza," alisema. "Likishapotea, pumzi nayo inafuata." Dawa hiyo ikizidi hulegeza misuli, na kwa kuwa hutolewa mwilini na figo, mkojo ukipungua inarundikana. Ndiyo maana kabla ya kila dozi muuguzi anahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, anagonga goti, na anahakikisha mkojo haupungui mililita 30 kwa saa, huku kalsiamu glukoneti ikiwa imeandaliwa karibu kwa ajili ya kuzuia madhara. Orodha hiyo niliwahi kuiandika darasani na kuikariri. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilijua kila kitu ndani yake kiko pale kwa sababu gani, na tangu hapo sijaisahau.

Kuanzia jioni ile nilifungua daftari moja tu, la makosa. Kila swali nililokosea niliandika mambo matatu: jibu nililochagua na kilichonivuta kulichagua, jibu sahihi na sababu yake, na kwa nini kila moja kati ya majibu yaliyobaki halifai. Hilo la mwisho linachosha na linachukua muda mrefu, lakini ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu anayeweza kueleza kasoro ya jibu baya hababaishwi na namna lilivyoandikwa. Baada ya wiki tatu daftari lenyewe lilinionyesha ugonjwa wangu. Sikuwa dhaifu katika kila somo kama nilivyodhani. Nilikuwa nikianguka katika hesabu za dawa na katika maswali yanayouliza ni mgonjwa yupi ahudumiwe kwanza.

Hesabu zilinishinda kwa sababu ya mazoea. Katika mafunzo ya vitendo niliona dripu zikirekebishwa kwa kukadiria kwa macho, wodi ikiwa imejaa na wahudumu ni wachache, nami nikachukua mazoea hayo kuwa ndiyo kazi. Bibi alinipa chupa ya mililita 1,000 ya kwenda kwa saa 8, kwa seti ya dripu (mrija wake) inayotoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000; saa 8 ni dakika 480; ukigawanya unapata matone 42 kwa dakika baada ya kukadiria. Kisha alinipeleka kwenye bomba la uani, akanipa saa yake ya mkononi, akanitaka nilifunge bomba taratibu hadi lidondoshe matone kumi au kumi na moja kwa kila sekunde 15. Nilihangaika nalo kwa muda mrefu, lakini tangu siku hiyo 42 imekuwa kwangu mwendo ninaoweza kuuona.

Kuhusu nani ahudumiwe kwanza, kosa langu lilikuwa kumkimbilia anayelalamika. Kati ya mgonjwa wa upasuaji anayelia kwa maumivu, mtoto mwenye homa ya nyuzi 38.5 anayenyonya vizuri, na mama aliyejifungua saa mbili zilizopita ambaye amenyamaza, pedi imelowa na mapigo ya moyo ni 120, nilimchagua wa kwanza. Mama huyo anavuja damu, na ukimya wake ni dalili ya hatari. Ndiye wa kumwendea, kuomba msaada kwa sauti na kuusugua mfuko wa uzazi papo hapo huku oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko huo, ikiandaliwa.

Jihadhari pia na madaftari ya kurithi. Niliyopewa na waliotutangulia yalisema uchungu hai, yaani hatua ya uchungu wa kuzaa ambapo njia hufunguka kwa kasi, huanza mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 wa kufuatilia uchungu unahesabu kuanzia sentimita 5. Waulize walimu wako ni mwongozo upi wa Wizara ya Afya unaotumika sasa, na usome huo.

Katika kipindi cha kusubiri nilipata kazi ya kuandikisha wagonjwa katika zahanati moja binafsi. Mwezi wa pili mwenye zahanati alinitaka niwe nachoma sindano jioni, kwa nyongeza ya malipo, kwa hoja kwamba nimesomea na hakuna atakayejua. Nilikataa, na baada ya wiki mbili kazi ikaisha. Najua shida inavyobana, na najua nyumbani wanauliza kila siku utaanza lini kuleta kitu, lakini nakuomba kwa moyo wangu wote usikubali. Likitokea lolote kwa mgonjwa, utakayeulizwa ni wewe usiye na leseni, na mlango unaoupigania unaweza kufungwa kabla hujaufungua.

Wiki ya mwisho nilifanya maswali kwa kupima muda, asubuhi baada ya swala, simu ikiwa kwa mama. Siku moja kabla sikusoma kabisa. Nilitembea hadi Raskazone kuangalia bahari, nikarudi, nikalala saa tatu usiku.

Leseni ninayo sasa, na Jumamosi jioni wahitimu wawili wanaojiandaa kurudia mtihani huja nyumbani. Wa kwanza alikuja na begi la madaftari. Nilimwambia aliweke pembeni, nikampa kalamu, nikamwomba aniandikie swali moja alilolikosa na jibu alilolichagua. Alikaa nalo karibu nusu saa.