Weka episodi kumi kabatini kwanza

Haipiti mwezi bila kijana kunitumia mesej, saa zingine wa hapa hapa Lamu, saa zingine wa Malindi au Kilifi huko, na swali ni lile lile: nataka kuanza komiki yangu ya mtandaoni, ninunue tableti gani? Na mi namjibu swali kwa swali, una episodi ngapi zimeisha tayari? Hapo kimya. Au ananiambia nina wazo zuri sana. Wazo kila mtu analo ndugu yangu, hata punda aliyesimama pale uwanja wa Mkunguni saa hizi analo wazo.

Basi nimeona niandike mara moja, nikiulizwa tena niwe natuma linki tu.

Mi nilianza vibaya. Ilikuwa 2019, nikachora episodi ya kwanza siku tatu bila kulala vizuri, nikaipost Ijumaa baada ya swala na chini nikaandika kwa herufi kubwa kwamba KILA IJUMAA itakuja mpya. Wiki ya pili ikaja. Ya tatu ikaja lakini usiku wa manane, rangi nusu. Wiki ya nne binamu yangu anaoa, na harusi za huku nyote mnazijua si za siku moja, leo unabeba viti, kesho unachuna mbuzi, kesho kutwa unatafutwa ukanunue barafu na ukijificha ghorofani na tableti shangazi anapiga kelele hadi jirani anatoka kukutafuta. Wiki ya tano stima ikapotea niko paneli ya tisa, yaani kibox cha tisa cha mchoro, sijasevu, na ile tableti yangu ya kwanza betri ilikuwa imekufa, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu, paneli tisa zote zikaenda. Nilikaa gizani nikacheka manake ningelia ningeamsha watu. Halafu nikaacha miezi miwili, na wale watu kama arobaini waliokuwa wananisoma wengi hawakurudi tena.

Niliporudi nilichora kumi bila kupost hata moja, nikaziweka akiba, ndo hilo ninaloliita kabati. Ni jambo gumu kuliko linavosikika, manake sisi wachoraji tunapenda sifa, ukimaliza kitu kidole chenyewe kinakimbilia kupost, unataka mtu acheke sasa hivi. Nilikuwa namuonyesha mamangu tu, naye alikuwa anaangalia anasema "mashallah, na yule mtoto mbona hana viatu?" basi. Lakini nilipoanza kutoa nilikuwa na miezi mitano mbele yangu, manake nilitoa moja kila wiki mbili, na stima ikipotea nalala zangu.

Kila wiki mbili sikuokota hewani. Nilipima. Nilichukua episodi moja nikaandika kila saa niliyokaa, hadithi, michoro ya penseli, wino, rangi, maneno, nikapata saa kumi na nne na ushee. Mchana niko dukani Langoni, natoa fotokopi na kupiga watu picha za pasipoti mpaka alasiri, jioni kuna mambo ya nyumbani, kwa hiyo zinazobaki ni saa mbili za usiku, na si kila usiku. Fanya hesabu mwenyewe. Ukiipima kwa siku ile una mzuka utajidanganya, pima siku ya kawaida, siku ya joto la kaskazi ambapo mkono unagandana na kioo. Ramadhani ndo tofauti kidogo, nachora baada ya tarawehe mpaka daku na wasomaji nao wako macho, huo mwezi nafanyaga kazi ya miezi miwili.

Sasa tableti. Kabla ya tableti nilianza na simu na kidole, kwa ibisPaint, programu ya kuchora kwenye simu, na bado kuna siku naitumia. Wenye kompyuta hata ya zamani kuna Krita, programu nyingine ya kuchora, ni ya bure kabisa na si ya wizi. Usikope pesa kununua kifaa kwa komiki ambayo haina hata episodi mbili, nimeona watu, tableti ikaishia kuangaliwa mpira. Nunua powabenki.

Kitu kingine, chora kwa ajili ya simu manake huko ndo unasomwa. Wakorea ndo walioleta huu mtindo wa kusoma kwa kuteremka chini, Webtoon, jukwaa la komiki za mtandaoni, ilianza kwao 2004, na upana wao ni pikseli 800, picha unaikata kila 1280 kwenda chini. Mi nachora 1600 halafu napunguza, mistari inatoka safi. Lakini vipimo ni kitu kidogo, kikubwa ni kwamba ile nafasi kati ya paneli na paneli ni muda. Nilichukua mwaka mzima kuelewa hilo. Nilikuwa nachora kama gazeti, vibox vinne, vinabanana. Siku moja nilikuwa na tukio la mtoto anashusha ndoo kisimani, kile kisima cha ndani ya nyumba za kwetu, giza na ubaridi, nikasema wacha nijaribu, nikachora mikono yake juu, halafu kamba peke yake, kamba, kamba, skrini tatu nzima za simu hakuna kitu ila kamba na ukuta wa mawe unazidi kuwa mweusi, na chini kabisa ndoo inagusa maji na ndani ya maji kuna uso usio wake. Msomaji ndo anaishusha ile ndoo kwa kidole gumba chake. Rafiki yangu alinipigia simu usiku ule ule kunitukana.

Halafu Kiswahili chetu kinakula nafasi, hili hakuna video ya mafunzo itakuambia manake wanaofundisha wanaandika Kiingereza. Wao neno lina herufi nne tano. Wewe mhusika wako anasema "hawakutusikiliza", ni herufi kumi na sita za neno moja, na ukilikata katikati linachekesha mahali si pa kuchekesha. Kwa hiyo mi naandika maneno kwanza, nayapanga kwenye paneli tupu, nachora kiputo kuyazunguka, halafu ndo watu wanaingia kwenye nafasi iliyobaki. Nikifanya kinyume mtu ananyongwa na kiputo chake mwenyewe. Na kabla sijapost nasoma kwenye simu ya mamangu ambayo kioo kimepasuka, akisoma bila kukunja uso, herufi zinatosha.

Kuhusu lugha yenyewe watu watakushauri mengi. Nina mhusika bibi, na bibi wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu hawezi kuongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, kwa hiyo anaongea Kiamu, Kiswahili cha kwetu Lamu, "ndoo hapa, kitwa chako chauma?" Hiyo ndoo ni njoo, si ya maji. Msomaji wa Dar akaniuliza kitwa ni kitu gani, mwingine akasema nimekosea kuandika kichwa. Nilitaka kubadilisha wallahi. Sikubadilisha, mtoto anamjibu kwa Kiswahili cha shule kwenye kiputo kinachofuata na maana inajulikana yenyewe. Sasa hivi huyo bibi ndo anapendwa kuliko wote.

Ila kuchora ukiwa mji mdogo kuna hatari zake. Nilichora mzee muuza kahawa, mbishi wa siasa, anampa kahawa ya bure anayekubaliana naye na anayepinga anauziwa bei juu. Nilimtunga, nawaapia. Wiki haikuisha, mzee mmoja anayeuza kahawa kule ufukoni, simtaji, akaja mpaka nyumbani, si kwangu, kwa mamangu. Akakaa, akaletewa maji, akauliza afya ya kila mtu mpaka ya paka, halafu ndo akasema, "Huyu kijana wako amenichora." Mamangu akaniita mbele yake. Nikasema mzee si wewe, huyu wa kwangu hana masharubu. Akanyamaza kidogo akaniambia, "Na kwa nini hukumuwekea?" Tukaishia hivo. Nilimuomba radhi, nikamuomba na ruhusa hapo hapo, na sasa mhusika ana masharubu na mi nikipita pale kahawa napewa bure mpaka leo, ingawa hiyo ya mwisho inategemea nimesema nini juu ya siasa. Lakini ingeweza kwenda vibaya. Ushauri wangu: ukichora mtu wa mtaani kwako changanya watu watatu, pua ya huyu, kazi ya yule, na hasira zako mwenyewe. Na kama kuna mtu utakayekutana naye msikitini akajiona, muendee wewe kabla hajakuendea.

Wizi upo. Ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi ulichukua paneli zangu nne, ukakata jina langu lililokuwa pembeni chini, ukaweka lao, na watu wakacheka huko maelfu bila kujua ni zangu. Nikawaandikia, hawakujibu. Tangu siku ile jina langu naliweka ndani ya mchoro, liko kwenye mlango, kwenye tanga la mashua, kwenye mfuko wa unga, mahali ambapo ukilikata umeharibu picha. Na nikaacha kukesha na hasira, manake zile hasira zilinila episodi nzima.

Pesa. Komiki yenyewe mwaka wa kwanza haikulipa hata bando. Patreon, mtandao wa wasomaji kumchangia msanii, ipo tangu 2013 na kuna wasomaji walio nje wanaonitumia dola mbili tatu, na PayPal tangu 2018 inatoa mpaka M-Pesa, lakini ukitoa makato kila hatua unabaki na kitu cha samaki wa siku mbili. Kinacholisha ni kazi zinazokuja kwa sababu ya komiki, kadi za harusi, fulana, jina na nakshi kwenye mashua, menyu ya mkahawa Shela, ramani ya vichochoro ya kuwapa wageni wasipotee. Chukua nusu kabla ya kushika kalamu. Kuna nyumba ya wageni iliniambia niwachoree ukuta mzima halafu malipo yangu ni umaarufu, wageni wa Ulaya watapiga picha. Nikauliza huo umaarufu dukani kwa unga unapokelewa? Hawakunijibu, wakachukua kijana mwingine, na ukuta ule leo chumvi imeubandua wote, ila hilo naliandika kwa roho mbaya tu.

Nilichokawia kukipata ni watu. Miaka miwili nilichora peke yangu nikidhani ndo usanii wenyewe. Sasa tuko watano, mmoja Mombasa, mmoja Nairobi, mmoja Dar, mmoja Unguja na mimi, na hatujawahi kukutana wote mahali pamoja. Alhamisi usiku tunapigiana simu ya kundi, kila mtu anachora lake, hatuongei sana, unasikia kalamu inakwaruza, mtoto wa mtu analia, kwa wa Nairobi matatu inapiga honi, kwangu punda. Mtu akikwama anatuma paneli anauliza huu mkono mbona kama mguu. Mwaka jana tulijaribu ile kitu ya mchora komiki Mmarekani Scott McCloud ya tangu 1990, kurasa 24 kwa saa 24, mi adhana ya alfajiri ilinikuta ukurasa wa kumi na moja nikalala juu ya meza. Wa Mombasa akamaliza, na hatatuacha tusahau. Tarehe 1 Februari tunafanya ile ya kuchora kila saa ulichofanya, hiyo rahisi, na ndo ninapoona wenzangu nao wanaosha vyombo.

Wafuasi wengi si kitu kama hao wanne. Najua kwa sababu bibi yangu mwenyewe, ambaye yule bibi wa komiki kachukua mdomo wake, alifariki msimu wa kusi, na kabati langu lilikuwa tupu. Ndio, mi huyu ninayewahubiria. Nilikuwa nimeanza kuilamba akiba, leo moja, kesho moja, nikijiambia nitarudisha. Nilituma mesej moja tu kwenye kundi, nikazima simu. Mazishi, watu, kisomo siku ya tatu. Nilipowasha, walikuwa wamegawana, mmoja baada ya mwingine, episodi tatu za wiki sita, wamewachora wahusika wangu kila mtu kwa mkono wake, mmoja alimfanya muuza kahawa mwembamba kama mlingoti. Wa Unguja hakumchora bibi kabisa. Alichora kamba ya nguo kwenye sakafu ya juu, leso yake imeanikwa, upepo, halafu ukiteremka leso ile ile, upepo umetulia, na hakuna kiputo hata kimoja. Niliisomea ufukoni usiku na watu wanapita.

Sasa hivi kabatini ziko saba, nne zina rangi. Wa Nairobi amejifungua juzi na Alhamisi hii mi ndo nimepewa kumchorea ukurasa wa mgeni kwenye komiki yake, badala yake, nayo yote ni ya dereva wa bodaboda, na mi tangu jana nachora pikipiki na kila moja inatoka ina masikio ya punda.